Sahani ya Kitaliano

Leo shangazi anayenilea amefungua chupa ya marashi ya waridi, nami nikatoka uani kama mwizi.

Nilikuwa mdogo. Mama alikuwa na homa kali, na mwalimu wa chuo cha Kurani akaja kumwandikia kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ioshwe kwa marashi, mgonjwa anywe. Sahani yetu nyeupe nilikuwa nimeivunja asubuhi ile, na sikumwambia mtu. Nikampa mwalimu ile ya Kitaliano aliyoileta mjomba baharia, tuliyoitundika ukutani kuchekesha wageni. Ndani imechorwa uso wa mwanamke anayekonyeza.

Mwalimu alikuwa na ukungu machoni. Akaipapasa.

“Ni nyeupe, mwanangu? Haina picha?”

“Nyeupe, mwalimu.”

Akaandika juu ya ule uso. Marashi yalipomiminwa, aya zikayeyuka, jicho likatokea taratibu, likanikonyeza. Mama akanywa mpaka tone la mwisho.

“Mbona unatetemeka kama wewe ndiye mwenye homa?” akanitania. “Nimeshakunywa kombe. Nitapona, sivyo?”

Badala ya kuitikia inshallah, nikaipokea sahani na kuilaza kifudifudi.