Waya ya ine ya Tata Tshiamala

Tata Tshiamala alizaliwa hapa Dilala, mu nyumba ya kampuni. Baba yake njo aliletwa na treni toka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe Kasai hakuijua hata kwa picha. Alikuwa fundi wa umeme, na ku parokia yetu yeye njo alitengeneza kinanda.

Ile kinanda ni ya umeme, inaiga sauti ya kinanda kubwa ya mabomba. Mwingine angetia sauti yote mu bafle moja, ile sanduku ya kutolea sauti, basi. Yeye alikataa. "Mabomba haiimbake fasi moja," alituambia siye ba kwaya. Akagawanya sauti mu bafle ine: filimbi juu ya biti bya bamama, tarumbeta ku mulango, sauti ya katikati kwetu, na ile nene nyuma ya altare, mu bafle kubwa ya mbao. Ku kila waya alifunga kipande cha kitenge cha mama yake, Mama Mbombo, kila sauti na rangi yake, asikosee.

Halafu, mu 1993, batu ba hapa balianza kufukuza batu ba Kasai, hata bale balizaliwa hapa. Kampuni ilishaanguka, mishahara hakuna, na balisema kosa ni la hao. Bakamutoa Tata Tshiamala mu nyumba pamoja na mama yake, bakaenda kulala ku gare, kungojea treni. Mu nyumba akaingia mutoto wa Mukalay. Mukalay njo alikuwa mukubwa wa komite ya parokia.

Mukalay huyo akaona bile bitambaa ku nyaya. "Dawa ya Kasai," akasema. Akachomoa nyaya, akafungua bitambaa byote, akabichoma nyuma ya sakristia. Nyaya ine zikabaki zote nyeusi, za kufanana. Bakazichomeka ovyo. Sauti nene ikaenda mu kabafle kadogo ka filimbi, ikalia sawa sahani ya bati.

Juma ile Mama Mbombo akafia ku gare. Mwana wake aliomba misa mu kanisa ile mama aliifagia miaka yote. Mukalay akajibu: "Maiti ya gare inazikwa ku gare."

Kesho yake asubuhi Mukalay mwenyewe akashuka ku gare.

"Tata Tshiamala, Pasaka inafika. Kuja ututengenezee kinanda."

"Dawa yangu si mulishaichoma?"

Batu ba gare bakacheka.

"Tengeneza kwanza. Juu ya mama, tutaona."

"Hapana kuona. Nitatengeneza leo, na mama ataingia leo."

Alikuja ku kanisa na kitenge cha mwisho cha mama yake, cha rangi mingi, akakipasua mbele yetu. Akajaribu waya moja moja, akafunga bipande ku nyaya tatu, akazichomeka. Sauti ikatoka kila moja fasi yake. Ya ine akaishika mu mukono.

"Na hiyo?" Mukalay akauliza.

"Hii njo sauti nene. Itaingia wakati mama ataingia."

"Tata, unatufunga sasa?"

"Mi sifunge mutu. Mulango iko wazi. Ninangojea."

Alingojea mpaka saa sita, amesimama na waya. Mwisho Mukalay akatuma batu. Bakamuleta Mama Mbombo juu ya ubao, padri akavaa mavazi ya misa, na Tata Tshiamala akachomeka ya ine. Biti bikatetemeka chini yetu.

Siku ya tano kisha misa ile, treni ikamubeba Tata Tshiamala na batu bengine ba gare kwenda Kasai. Ku Pasaka kinanda ililia muzuri sana, na kisha misa batu bakamushukuru Mukalay. Alipokea mikono yote. Bitambaa bilikuwa bingali ku nyaya, na hakuna aliyesema ni dawa.