Pleti ya Klachi Mapajani mwa Baba

Baba alisema anataka kufika nyumbani akiwa hai. Hakulisema kwa kuomba. Alilisema kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kuamuru nati ibanwe zaidi, halafu akageukia ukutani akafumba macho. Nyumbani ni Njombe, kwa dada yake, shangazi yetu, ambaye ndiye peke yake aliyebaki katika watoto wa mama yao. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Na daktari alikuwa ameshatuita mimi na kaka yangu kwenye korido akatuambia tumchukue mzee tukamtunzie nyumbani. Kila mtu aliyewahi kuuguza anajua maneno hayo maana yake nini.

Kusafiri kwa basi kusingewezekana. Alikuwa na mrija wa mkojo, na mgongo wake haukuvumilia kukaa hata nusu saa. Gari la kukodi alilikataa katakata. Mtu aliyetengeneza magari ya watu pale Keko miaka arobaini, alisema, harudi kwao amebebwa na gari la mtu. Gari lake lilikuwepo uani kwetu Temeke, stesheni wagoni ya dizeli, nzee, iliyosimama tangu yeye aliposhindwa kuinama. Mara ya mwisho ilipowashwa ilitoa moshi mweupe mpaka jirani akaanua nguo zake. Ilikunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi, na klachi ilikuwa imekwisha kabisa. Gari la namna hiyo lisingeumaliza mlima wa Kitonga hata likisukumwa na kijiji kizima.

Nilimshauri kaka tukodi gari zuri, tumwambie mzee ni la rafiki yake wa zamani. Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Mwalimu, unataka tumfanye mtoto? Gari hii tunaifufua. Sie wenyewe, hapahapa uani. Jumatatu ya wiki ijayo tunaondoka."

Mimi ni kitinda mimba, mwalimu wa sekondari, na shule zilikuwa zimefungwa. Kaka ni dereva wa lori la mchanga, anakaa Kipawa, na ufundi wake ni wa kuona, wa kusogeza spana baba anapoitaka. Wangu ni wa beseni. Tangu nina miaka saba nilikuwa naosha pistoni za watu kwa dizeli na mswaki mkuukuu, na vidole vyangu vilinuka mpaka darasani. Kwa hiyo tulijua kazi, lakini tuliijua kwa vipande, na mwenye kuijua nzima alikuwa kitandani.

Ndipo tukaweka utaratibu. Kitanda cha baba tulikisogeza dirishani, kikaelekea uani. Tukasimamisha mirunda mitatu, tukafunga cheni ya kunyanyulia, tukaitoa injini na gia boksi kwa pamoja, tukaviweka juu ya matairi. Kila kipuri nilichokiosha nilikikausha kwa kitambaa nikampelekea mzee. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, lakini vidole vilikuwa vyake. Anakipokea, anakigeuza, anakipapasa, kisha anasema neno moja kati ya mawili: fungeni, au rudisheni. Hatukufunga kitu ambacho hakijapita mikononi mwake.

Nisiseme uongo, zile siku za mwanzo zilikuwa nzuri kuliko miezi sita iliyotangulia. Pistoni ya kwanza niliyompelekea, nikiwa nimeshaivalisha ringi mpya, alipitisha kidole gumba kuizunguka, akacheka kidogo. Midomo ya ringi zote, pale zinapoachana, nilikuwa nimeipanga upande mmoja. "Hapo umeniachia mlango wazi," alisema, "presha yote itapita hapo." Nilizipanga upya nikiona aibu kama mwanafunzi. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilipotoka kusagwa kwa fundi wa mashine, kaka aliisifu, inang'aa kama sahani mpya. Baba akapitisha ukucha juu yake, akasimama mahali pamoja, akarudia. "Rudisheni." Kaka alibishana kimoyomoyo, nilimwona, lakini aliirudisha, na yule wa mashine alipovaa miwani akakubali kwamba kweli kuna mkwaruzo. Baada ya siku hiyo hatukuwa tunamsikiliza baba kwa heshima tu. Tulimwamini kuliko macho yetu.

Huku mwili wake unakwisha. Nilikuwa nikimwosha asubuhi kabla sijaosha vipuri, na kila siku kulikuwa na mfupa mwingine ambao jana sikuuona. Uji alikuwa anameza vijiko vitatu. Lakini akisikia nyundo uani anafungua macho, anauliza tumefika wapi. Shangazi alipiga simu kila jioni. Baba aliwekewa simu sikioni, akamwambia kwa Kibena maneno machache, na kila mara alimalizia kwa Kiswahili, kusudi na sisi tusikie: "Nakuja na gari langu."

Ijumaa ilifika zamu ya klachi. Kaka aliinunua mpya kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Pleti ya klachi ni duara bapa lenye springi katikati. Upande mmoja umevimba, una tumbo, upande mwingine ni bapa. Inakaa kati ya gia boksi na lile gurudumu zito la nyuma ya injini tunaloliita flaiwili. Ukiigeuza, injini itawaka kama kawaida, ila gia haitaingia.

Nilimwekea baba mapajani. Aliishika muda mrefu kuliko vitu vyote. Aliigeuza, akaigeuza tena, akapumzika, akaanza upya. Mwishowe akapiga konzi upande wenye tumbo.

"Tumbo liangalie injini. Fungeni."

Kwenye upande ule bapa, pembezoni, kulikuwa na maneno ya Kiingereza yamegongwa kwa herufi ndogo, kwamba upande huu ndio unaokaa kwenye flaiwili. Niliyasoma nikiwa nimesimama palepale. Nimesomesha watoto wa watu miaka kumi na nne, nawagombeza wasiposoma swali mpaka mwisho, na mimi nilisoma nikanyamaza. Nilifungua mdomo, hilo nalikumbuka. Nikamwangalia usoni. Alikuwa ametulia, ameridhika, kama mtu aliyemaliza kuhesabu kitu na hesabu ikakubali. Kwetu mtoto hamwambii baba kwamba amekosea, hilo nimelelewa nalo. Lakini si hilo lililonifunga mdomo, maana mimi hubishana na watu wazima kila siku ya Mungu. Nilichoogopa ni kumnyang'anya vidole. Macho yalishaondoka, miguu ilishaondoka, haja ndogo inatoka kwa mrija. Nikajiambia labda gari hili lina mambo yake, labda anajua kitu ambacho aliyegonga maneno hajui. Nikaichukua nikampelekea kaka.

"Mzee kasema tumbo liangalie injini."

Kaka aliipokea, akaitazama, akachelewa kidogo. "Kasema hivyo?"

"Kasema."

Akaifunga.

Jumapili mchana injini ilikuwa imerudi mahali pake. Tulimfungulia baba dirisha. Kaka akapiga stata mara tatu, ya nne ikawaka, ikakohoa moshi mweusi kidogo, halafu ikatulia na kunguruma vizuri mno, bila kugonga, bila kutetemeka. Jirani alizima muziki wake aje kuona. Baba aliinua mkono kutoka kwenye shuka, akauacha juu hivyohivyo, anasikiliza. Nililia wazi, sikujificha.

Kisha kaka akakanyaga klachi atie gia. Chuma kikapiga kelele. Akajaribu tena. Akazima, akatia gia gari likiwa limezimwa, akawasha, gari likaruka mbele kama mbuzi, likazimika. Hakushuka. Alibaki amekaa, mikono kwenye usukani.

Nilimfuata mlangoni kwa sauti ya chini. "Nilisoma. Iliandikwa."

"Na mie niliona," alisema. Hakuniangalia. "Nilijua umemwambia, akakataa."

"Sikumwambia."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kaka dakika ile, na nadhani yeye pia alinichukia mimi vilevile. Kila mmoja alikuwa amemtegemea mwenzake awe ndiye mtovu wa adabu.

Kushusha gia boksi kwa chini, kubadili, na kurudisha ni kazi ya siku mbili kwa watu wawili wasio na vifaa. Siku mbili, tukasema, si kitu. Hilo la kukodi gari nililileta tena, safari hii kwa hasira, kaka akasema siku mbili tu. Nikakubali kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Jumatatu asubuhi tulianza kufungua. Tulifungua taratibu, bila kugonga, kama wezi. Lakini mtu aliyeishi ndani ya sauti hizo miaka arobaini humfichi. Nilipoingia na uji alikuwa macho.

"Mnashusha gia boksi."

"Ndiyo, baba."

"Pleti?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza kusema ndiyo baba, tuliona wote wawili na tukaogopa, kosa ni letu. Hayo yangekuwa maneno ya kweli, na pengine angenitukana, na matusi yake yangenifaa maisha yangu yote.

"Hapana, baba. Ni sili, inavujisha oili."

Alinitazama, au alitazama mahali nilipo. "Haya," alisema. Kisha akaiweka mikono yake yote miwili chini ya shuka. Uji hakuugusa. Siku ile nilimletea beringi mpya ya klachi aipapase, akatikisa kichwa. Nikaiweka kitandani karibu na mkono wake, ikakaa pale mpaka jioni, nikaiondoa mwenyewe.

Alifariki Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa nimemgeuza ubavu nimpake mafuta mgongoni, nikasikia pumzi moja ndefu, nikasubiri nyingine. Kaka alikuwa chini ya gari, gia boksi ameiinua kwa jeki na kifua chake. Nilisimama pale nikamwambia baba amekwisha. Miguu yake ilitulia. Baada ya muda akasema nimshikie ile boksi isimwangukie, atoke.

Watu walikuja, mikeka ikatandikwa, kwaya ya mtaa ikaanza kuimba. Saa tisa alasiri kaka alivua shati lake safi akarudi chini ya gari. Baba mdogo, ndugu wa baba kwa mama mwingine, alimfuata kumkanya, kwamba si adabu, mwili ndiyo kwanza umepelekwa chumba cha maiti na yeye anashika spana. Waombolezaji walikaa wakisikiliza nati zikibanwa, moja baada ya nyingine, mpaka jua likazama. Aliimaliza. Gia ziliingia zote.

Wazee walikata shauri kwamba shangazi asiambiwe kwa simu; zake za jioni tulikuwa tumeziacha ziite tangu Jumatatu, kwa aibu ya kuchelewa. Ana miaka themanini, ana moyo mbaya, na kwetu habari ya kifo cha ndugu wa tumbo moja huletwa na mtu mwenye sura, anayeweza kukamatwa mikono. Kaka angekuja na jeneza. Mimi nitangulie na baba mdogo kwa gari la mzee.

Niliendesha mimi. Kiti cha mbele tulikuwa tumekilaza tangu Jumamosi, tumekitandikia godoro na mito miwili, na hakuna aliyethubutu kukisimamisha, kwa hiyo baba mdogo alikaa nyuma. Pale Kitonga malori yalikuwa yakipanda yakilia. Gari letu lilipanda kwa gia ya pili, bila moshi, mshale wa joto haukusogea hata kidogo. Nililitukana njia nzima. Nilitaka lichemke, life palepale mlimani, nijue kwamba hata angekuwemo asingefika. Halikunifanyia wema huo.

Tuliingia Njombe Alhamisi asubuhi, kuna ukungu na baridi ya kuuma masikio. Majirani walikuwa wameshaambiwa habari za msiba. Walifagia uwanja, wakapasua kuni, wakaazima viti kanisani, na bibi kizee akadhani yote ni ya kumpokea kaka yake. Alikuwa nje, amevaa sweta mbili na kujifunga kitenge, kiti chake kimeelekea barabarani. Jirani alituambia baadaye kwamba alikaa pale tangu Jumanne.

Alisikia injini akainuka. Alikuja moja kwa moja upande wa abiria, akigusa gari kwa kiganja, akafungua mlango. Akainama. Akapapasa godoro, akapapasa mto wa kwanza, wa pili, akanyoosha mkono mpaka kwenye paja langu.

"Yuko wapi?"

Nilishuka, nikazunguka, nikamshika mikono kama nilivyoagizwa. "Shikamoo, shangazi," nilisema, na yeye akajua kwa salamu hiyo tu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa godoro lile, mlango ukiwa wazi.

"Lini?"

"Juzi, shangazi. Asubuhi."

"Si mlisema mnatoka Jumatatu?"

"Gari lilitusumbua."

Alikaa akilifikiria hilo, mkono wake ukiwa juu ya mto. "Kaka yangu," alisema, "maisha yake yote ametengeneza magari ya watu. Akafa anasubiri gari."

Baba mdogo alinitazama, anangoja niseme kitu, yeye hajui kuna kitu. Nikasema, "Ndiyo, shangazi. Ndivyo ilivyokuwa."