Kidole Kidogo Ndani ya Chemba

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha polisi cha Mukurweini nilipewa bunduki, nikanyang'anywa kabla sijafika mlangoni. Sajini aliyesimamia ghala la silaha, mzee mfupi asiyejua kusema pole pole, aliniuliza kama ina risasi. Nikasema haina, kwani si ni yeye amenipa sasa hivi?

"Mimi ni nani yako? Mama yako?" akafoka. "Bunduki iko na risasi mpaka wewe mwenyewe uone haina."

Akanitoa nje. Kando ya ghala palikuwa na pipa la mchanga, na mdomo wa bunduki ulielekezwa humo, ili risasi ikiponyoka isimpate mtu. Unachomoa magazini, kile kijisanduku cha risasi. Unavuta komeo la bunduki nyuma na kuchungulia chemba, ile nafasi ambamo risasi hulala ikingoja kufyatuliwa. Kisha, na hili sijaliona kwa mkufunzi mwingine yeyote, unatia kidole cha mwisho ndani ya chemba na kupapasa. Asubuhi za kwetu zina ukungu, na askari aliyekesha zamu macho yake hayafai kitu. "Jicho linadanganywa," Sajini alisema. "Kidole, hapana." Alinirudisha kwenye lile pipa hadi kidole kikanuka mafuta ya bunduki mchana kutwa.

Mzee huyo alipostaafu nilirithi ghala lake pamoja na kidole chake. Nilihamishiwa Kutus, baadaye Nyeri mjini, nikawa sajini, mtunza silaha na mkufunzi. Askari wengi wa upande huu wa mlima walipitia mikononi mwangu, na hakuna aliyetoka bila kupakwa mafuta kidoleni.

Silaha zilizonaswa kwa majambazi pia ziliishia mezani kwangu. Nyinyi vijana mnaowaona kwenye sinema mnadhani ni mafundi. Wapi! Bastola imefungwa kwa karatasi ya nailoni na kuzikwa kwenye migomba, imepakwa mafuta ya kupikia, siafu wamehamia ndani. Sefti, ile swichi ya kuizuia isilipuke, imeganda kwa kutu kwa sababu hakuna aliyewahi kuigusa. Risasi zimechanganywa kama maharagwe ya aina aina. Jambazi hutembea na kidole kwenye triga, kile kifyatulio, maana anataka uogope. Askari aliyefunzwa hukinyoosha kidole ubavuni mwa bunduki, kwa sababu anayeiogopa ni yeye mwenyewe. Kuna mmoja wa Kutus aliyechomeka bastola kiunoni ikiwa na risasi kwenye chemba. Alipokuwa akipanda bodaboda akajipiga paja.

Kisa hicho nilikisimulia katika kila darasa. Niliishika bastola tupu kiubavu ubavu, nikitembea kwa madaha kama jambazi, na vijana wakacheka hadi machozi. Nilijigamba kwamba mtu akishika bunduki mbele yangu, nitajua papo hapo kama ni mtu mwema au mwizi. Maneno hayo yalikuwa matamu sana kinywani mwangu. Leo nikiyakumbuka naona haya.

Katika wanafunzi wangu wote, hakuna aliyemfikia Muriithi. Alikuwa konstebo, kijana wa mtaa wa Skuta, pale Nyeri, aliyelelewa na mama peke yake. Mikono yake ilikuwa mitulivu na sikuwahi kumrudia jambo. Kosa lake lilikuwa moja tu: akishapapasa chemba, alipangusa kidole kwenye kola ya shati. Nilimgombeza kwa kola ile chafu hadi nikachoka. Nilimfanya msaidizi wangu darasani, nikawaambia wakubwa kwamba nikiondoka, ghala wampe yeye.

Kisha duka moja la mchele wa jumla pale Kutus likavamiwa. Inspekta wa upelelezi aliniomba twende pamoja, kwa kuwa mama mwenye duka alikuwa ameiona bastola kwa karibu.

"Walikuwa wawili, wamefunika uso," mama huyo alitueleza. "Ule mrefu alikuwa anapunga bastola hivi, kidole iko kwa triga, na mtoto wangu amekaa hapo kwa magunia. Mwenzake akamnyang'anya. Akamwambia, 'Wewe, huoni kuna mtoto?' Akaielekeza kwa gunia ya mchele, akatoa magazini, akavuta, akaingiza hii kidole." Akainua kidole chake cha mwisho. "Halafu akapangusa hapa kwa kola. Afande, huyo ndiye alituokoa. Anajua bunduki kama nyinyi."

Inspekta, ambaye naye alikuwa amepita darasani kwangu, aliningoja tutoke nje.

"Hiyo ya kidole ni yako, Sajini."

"Ni yangu."

"Lakini umefundisha watu wengi."

Alikuwa ananifungulia mlango wa kunyamaza, na ningeweza kupita. Nikamwambia, "Hiyo ya kola ni ya mmoja tu."

Inspekta alitaka kupeleka kikosi. Nikamsihi aniache nitangulie, kwa maana nilimjua kijana yule. Wakiingia kwa fujo, ama angekufa mbele ya mama yake, ama wangekufa wao, na yeye hakuwa mtu wa kukosa shabaha. Akakubali, naye akanifuata nyuma kidogo.

Tulifika Skuta asubuhi. Mama yake alifungua mlango, na aliponiona akafurahi. "Karibu, mwalimu! Kijana yangu yuko ndani, ngoja niwatengenezee chai." Sikuweza kumtazama. Nilisimama katikati ya chumba nikaita, "Muriithi, toka na hiyo kitu."

Alitoka nayo. Aliniangalia, akamwangalia mama yake aliyeshika birika. Kisha akageuza mdomo wa bastola kwenye ukuta wa mawe, mbali na sisi sote. Akachomoa magazini, akavuta, akatia kidole, akaiweka mezani na kurudi nyuma.

"Iko salama, afande."

"Vizuri," nikasema.

Neno lilinitoka lenyewe, kama darasani. Inspekta alilisikia mlangoni. Mama wa watu alinitazama, akamtazama mwanawe akinyoosha mikono kufungwa pingu, akaliweka birika chini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kituoni walinipongeza kwa kuwa hakuna aliyeumia. Siku ya kuniaga nilipostaafu, Kamanda alisema nimeacha alama kwa vijana. Watu wakapiga makofi, nami nikatazama sahani yangu. Sasa nafuga ng'ombe Mukurweini. Wakufunzi wapya wakinipigia simu kuuliza ushauri, nawaambia waache kuwacheka majambazi darasani, kwa kuwa mwizi anaweza kuwa amekaa mstari wa mbele akicheka nao. Nawaambia pia kwamba nilifundisha mikono ya yule kijana vizuri mno nikadhani nimemfundisha yeye. Zaidi ya hapo sina la kuwaambia.

Juzi nilikutana na mama yake sokoni Nyeri akiuza viazi. Nilijaribu kupita upande wa pili, akaniita.

"Mwalimu, mbona unanihepa? Mimi sina neno na wewe. Kama si wewe ningezika." Akaniwekea viazi kwa mfuko bila kuniuliza. "Nilienda kumwona Muriithi huko gerezani. Ameuliza mbona hujawahi kuenda. Ati anataka kujua kama siku ile kuna mahali alikosea."

Nikamwambia nitaenda. Bado sijaenda.