Zamu ya Madam Wariara

Wariara alikuwa amefundisha jiografia miaka kumi na tisa katika sekondari moja ya kutwa kule Kiamunyi, na miaka hiyo yote wanafunzi walimwogopa kwa sababu ya dasta ya ubao. Serikali ilipopiga marufuku kiboko, alikitupa kama mtumishi mtiifu, kisha akagundua kwamba dasta ikirushwa vizuri hufika dawati la nyuma. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," alipenda kusema, na vilio havikukosekana. Lakini tusimwonee, kazi aliijua. Hakuna mwalimu aliyepiga mistari myekundu iliyonyooka kama yake, wala aliyejua nyumbani kwa kila mwanafunzi kama yeye.

Basi pima mwenyewe hasira zake asubuhi moja ya Juni 2008, alipofungua rejista ya Kidato cha Nne kuita majina. Jina la pili la kila mwanafunzi lilikuwa limefutwa kwa wino mzito mweusi. Yalibaki ya kwanza tu: Mercy, Mercy, Kevin, Mercy, Brian. Akaita Mercy, wakaitika watatu. Darasa zima lilicheka isipokuwa yeye.

Aliyefuta hakujificha. Alikuwa Jerop, msichana mpole aliyerudi shuleni Machi baada ya vurugu za uchaguzi za Januari, watu walipowindwa kwa makabila yao, na jina la pili ndilo lililotaja kabila. Alisimama akasema, "Ni mimi, Madam." Alipoulizwa sababu aliketi, akavuta mkono wa sweta.

Mwalimu mkuu, Kamande, aliandika barua ya kumfukuza siku hiyo hiyo. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza miezi minne, na msichana akitoka sasa, masomo yangekuwa yameishia hapo.

Ilivyotokea, mwezi uliotangulia Kamande alikuwa amemtuma Wariara Gilgil kwa semina ya siku mbili kuhusu kurekebisha makosa ya vijana bila adhabu. Alikwenda kwa ajili ya chai na mandazi, tuseme ukweli. Alirudi na daftari lenye maelezo haya: watu wakae kwa duara, kitu kimoja kipitishwe mkono kwa mkono, anayekishika aseme peke yake, na kila mmoja ajibu maswali matatu. Nini kilitokea? Nani aliumia? Utafanya nini kutengeneza? Chini yake alikuwa ameandika, "Kila mtu, hata mwalimu," akapiga mstari mwekundu bila kuwaza.

"Mkuu, acha nijaribu hiyo kitu kwanza," alimwambia Kamande. "Ikikataa, wewe weka sahihi." Huruma haikuwamo. Alichotaka ni kujua kwa nini rejista yake nzuri imeharibiwa.

Ijumaa baada ya masomo waliketi darasani: Wariara, Kamande na barua yake mfukoni, Jerop, kiranja Owino na wale akina Mercy watatu. Wariara alitafuta kitu cha kupitisha, akachukua kilichokuwa karibu naye mezani. Ilikuwa dasta. Owino aliipokea kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa panya.

"Mimi sikuumia, Madam," alisema. "Nilichanganyikiwa tu." Akaipitisha haraka.

Mercy wa kwanza akaishika. "Mimi nilifurahi," alisema. "Hiyo siku nilikuwa tu Mercy. Hakuna mtu aliniangalia vibaya." Wenzake wawili wakatikisa vichwa kukubali.

Dasta ikamfikia Jerop.

"Hiyo Januari walikuja saa tisa mchana," alisema. "Walikuwa wengi, na mmoja alikuwa na karatasi. Akasimama kwa geti yetu, akasoma jina la baba, akasoma na namba ya ploti. Tukatoroka na nyuma. Kesho yake tukarudi, nyumba ilikuwa majivu. Hiyo karatasi ilikuwa imeanguka kwa mtaro. Nikaiokota."

Akaitoa kwenye mkono wa sweta, imekunjwa mara nne. Kabla haijakunjuliwa, Wariara aliiona mistari myekundu iliyonyooka.

Ilikuwa orodha yake. Novemba 2007, shule ilipofungwa, alipanga vikundi vya kusoma likizoni, akaandika jina kamili la kila mwanafunzi, la baba yake, mtaa na namba ya ploti, ili watoto majirani wasome pamoja. Aliibandika kwa mikono yake kwenye lango la shule wazazi waione, na walipomsifu kwa kazi safi alifurahi. Shule ilipofunguliwa aliikuta haipo, akadhani ni upepo. Sasa kando ya majina kulikuwa na alama za vema za penseli, na hakuziweka yeye. Alihesabu hadi sita, akashindwa kuendelea.

"Mwandiko niliujua, Madam," Jerop alisema. "Ndiyo maana nikafuta rejista. Sikutaka orodha ingine itoke."

Kamande aliitoa barua mfukoni, akaitazama, akairarua. Wariara hakumwona. Alikuwa bado anazitazama alama za penseli, na mbele yake msichana alikuwa amenyoosha mkono wenye dasta.

"Ni zamu yako, Madam."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Alivyoyapenda maswali yale matatu yalipokuwa ya watoto! Aliipokea dasta kwa mikono miwili, chaki ikamwagikia sketi.

"Niliandika orodha," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ile waliyoizoea. "Nikaiweka mahali kila mtu ataona. Mliumia nyinyi." Lilibaki swali la tatu. Alimgeukia Jerop. "Nitafanya nini, mama? Niambie."

"Uende umwambie baba," Jerop alijibu. "Uende na hiyo karatasi. Yeye bado anauliza walitujuaje."

Wariara aliikunja karatasi vilevile ilivyokuwa imekunjwa. Kisha yeye, aliyejua nyumba ya kila mwanafunzi, akauliza, "Siku hizi mnaishi wapi?"