Upande wa Misri, Upande wa Kongo

Mjukuu wangu anafanya kazi ya maji, na watu wa kazi hiyo hawawezi kupita mahali bila kukueleza maji ya hapo yanakwenda wapi. Majuzi alinichukua kwa gari lake kutoka Shinyanga twende Geita arusini. Tulipoiacha Runzewe nyuma akachepuka akashika barabara ya vumbi, njia ya mkato anayoijua mwenyewe, kisha akaanza. "Bibi, umeona tumekwenda kitambo bila kuvuka daraja? Tumepanda mgongoni. Mvua ikinyesha kushoto kwetu inateremka Ziwa Nyanza, inaingia Nile mpaka Misri. Ya kulia inaingia Moyowosi, na Malagarasi, na Ziwa Tanganyika, mpaka Kongo na bahari ya magharibi huko."

Nikaitikia "Ehe," kama mtu anayesikia jipya. Mwenzangu, jambo hilo nililijua kabla mama yake hajazaliwa. Nilikulia pale. Na kama ningejua kwamba njia yake ya mkato inapita pale, ningekwenda arusini kwa basi.

Sisi asili yetu ni Didia, huko huko Shinyanga. Baba alipoona mashamba ya kwao yamechoka na ng'ombe wamekula nchi mpaka udongo, akasikia kwamba kule Uzinza na Usumbwa pori linafyekwa na mtu akitaka ardhi anapewa. Ng'ombe tukamwachia baba mkubwa, kwa maana njiani kulikuwa na mbung'o. Tukaenda kwa miguu, mimi na baba na mama na bibi, na mizigo kichwani: jungu la bibi, majembe, na kifuko cha mpunga wa mbegu ambao baba alikuwa akiulalia kama mto. Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno.

Tulipofika hatukumjua mtu. Aliyetupokea alikuwa Msumbwa mmoja, mfuga nyuki, mwembamba, mwenye harufu ya moshi na nta. Alituona tumesimama kando ya shamba lake kama kuku walionyeshewa, akacheka, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Akatupa kibanda cha kulala, akatupa mihogo, na baadaye akatembea na baba kumwonyesha mahali pa kujenga, ng'ambo ya mbuga kutoka kwake. Tangu siku ile baba akamwita Mwenyeji, naye akamwita baba Mgeni, na utani ule ukawa ndiyo majina. Bibi alimwita Mwenyeji. Mama alimwita Mwenyeji. Alikuwa na binti wa rika langu, naye tukamwita Mwenyeji Mdogo, na yeye akaniita Mgeni mpaka siku ya mwisho.

Nikueleze mbuga hiyo ilivyokuwa, maana kila kitu kimo humo. Ilikuwa tambarare, juu kabisa ya mgongo wa nchi, nyeusi, ya udongo unaonata mguuni. Nyumba yetu ilikuwa upande wa kaskazini, ya Mwenyeji upande wa kusini, na katikati palikuwa na kichuguu kikubwa kilichoota mti. Mvua za masika zilipoijaza mbuga, maji yalisimama kwanza kama hayajui pa kwenda. Kisha taratibu mengine yakaja kwetu na mengine yakaenda kwa Mwenyeji, ambako yalizama ardhini na kutokeza chini ya mawe, kisima cha maji baridi ambacho hakikukauka mwaka mzima. Sisi sote tulichota pale. Nyuki wake walikunywa pale. Mimi na Mwenyeji Mdogo tulioga pale, tukakaripiwa pale.

Mwalimu wa shule ya misheni ndiye aliyetuambia. Alikuja siku moja kununua asali, akasimama kwenye kichuguu, akatuita sisi watoto. Akasema nchi ina mgongo kama ng'ombe. Ukimmwagia ng'ombe maji mgongoni, mengine yatateremka ubavu huu na mengine ubavu ule, na hayakutani tena. "Maji ya kwa Mgeni yanakwenda Misri," akasema, "na ya kwa Mwenyeji yanakwenda Kongo." Tulifurahi ajabu. Misri tuliijua kwa ajili ya Musa na kikapu chake. Kuanzia hapo mchezo wetu ulikuwa kusimama kichuguuni, mgongo kwa mgongo, tukitema mate, mimi Misri, yeye Kongo, na kubishana ya nani yatafika kwanza. Bibi alitukuta akasema, "Wenzenu wanachota maji, ninyi mnatema mate! Njooni mtwange."

Mwaka wa pili baba akaamua kulima majaruba. Mtu wa Didia akiona mbuga nyeusi haoni matope, anaona mpunga. Lakini maji ya upande wetu yalikuwa machache, yalipita haraka. Baba akaizunguka mbuga siku nyingi, mikono nyuma, kisha akasema pale penye kichuguu pana kinundu kidogo cha ardhi. Tukichimba mfereji hapo, na kuweka tuta upande wa pili, maji yatakaa kwetu. Hakusema yatatoka kwa nani. Naapa sidhani alijiuliza.

Akaalika watu wa kulima kwa ngoma. Bibi alipika pombe ya mtama, mama akachemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, jungu zima. Siku yenyewe ngoma ya bugobogobo ikalia asubuhi, majembe yakapanda na kushuka pamoja, vumbi, jasho, nyimbo za kutaniana. Na mbele kabisa ya mstari, akichimba kuliko wote, alikuwa Mwenyeji. Ngoma ya jirani haikataliwi. Alichimba ule mfereji kwa jembe lake mwenyewe, akanywa pombe yetu, akamwambia baba, "Mgeni, safari hii utanilisha wali mpaka nisahau mihogo." Sisi watoto tulikuwa tukipokezana kuwapelekea maji ya kunywa kutoka kisimani kwake.

Sasa ninafika mahali ninapoona haya kusimulia, si kwa sababu palikuwa pabaya. Palikuwa pazuri mno. Ule ndio mwaka mtamu kuliko yote niliyoishi. Mbuga ilijaa maji yakaja yote kwetu, yakatulia ndani ya majaruba, mpunga ukasimama kijani mpaka unauma macho. Kazi yetu ilikuwa kuwafukuza ndege, kutwa nzima tukipiga makelele na mikebe. Ulipoiva, harufu yake ilikuwa inaingia ndani ya nyumba. Ubwabwa wa kwanza mama aliupika na maziwa ya mbuzi, bibi akakwangua ukoko wa chini ya jungu akanipa peke yangu, mtamu, unalia meno yakitafuna. Kwa mara ya kwanza nilivaa nguo mpya, kutoka duka la Mhindi pale Runzewe. Na jamaa zetu wa Didia, waliokuwa na njaa mwaka ule, walikuja mmoja mmoja na watoto wao wenye macho makubwa, wakala wakanenepa. Baba alitembea kama mtemi.

Waliotupa habari ni nyuki. Kiangazi kilipoanza, walianza kuja kwetu. Walijaa kwenye mitungi, kwenye matope ya majaruba, kwenye kata ya kunywea. Sisi watoto tuliwapiga kwa matawi, tukacheka, tukaumwa, tukacheka tena. Bibi alikuwa akipeta mchele. Akasimamisha ungo. "Nyuki hawa ni wa nani?" akauliza. Akauweka ungo chini, akachukua fimbo, akavuka mbuga peke yake mpaka kwa Mwenyeji. Aliporudi alimwita baba nyuma ya nyumba, lakini bibi hakuwa na sauti ya kunong'ona.

"Kisima cha watu kimekufa," alisema. "Mama wa kule anachimba mchanga kwa kata. Umekata mgongo wa nchi wewe, na mwenye nyumba umemkalisha na kiu."

Baba alikwenda kwa Mwenyeji kesho yake, nami nikamfuata nyuma kwa sababu nilitaka kucheza na mwenzangu. Walisalimiana vizuri, mwangaluka kwa mwangaluka, kwa maana Mwenyeji alikuwa amejifunza Kisukuma kwa ajili yetu. Wakaongea habari za afya, za watoto, za mizinga. Ndipo Mwenyeji akasema, polepole, akiangalia miguu yake, "Mgeni wangu, nyuki wangu wako kwako. Msiwapige sana, wana kiu tu."

Baba akasema, "Mwenyeji, nimeona. Ule mfereji nitaufukia. Lakini unawaona watu waliokuja kwangu. Nivumilie msimu mmoja. Tukivuna tu, naufukia kwa mkono wangu."

"Nduhu mhayo," akasema Mwenyeji. Hakuna neno. Nimewahi kusikia watu wakigombana mpaka mapanga yakatoka, na hakuna kilichonitisha kama hilo nduhu mhayo.

Basi mvua zikaja mara ya pili, na mfereji ulikuwa wazi. Mwenyeji Mdogo alikuwa akivuka mbuga kila asubuhi na mtungi wake kuja kuchota kwetu. Hatukumnyima, mama alimjazia yeye mwenyewe na kumwongezea kiporo cha wali. Lakini hatukusimama tena kichuguuni kutema mate. Siku moja nilimwambia twende, akanijibu, "Huko Kongo hakuna maji, Mgeni," akacheka, nikacheka. Nilikuwa na wali mdomoni. Nakumbuka hilo vizuri zaidi ya ninavyokumbuka uso wake.

Tulivuna. Mavuno yalizidi ya kwanza. Baba alichukua jembe kweli, sitamsingizia. Siku ya tatu baada ya kupura alikwenda kwenye mfereji. Akakuta si mfereji tena. Maji ya misimu miwili yalikuwa yamechimba chini yake, yamekuwa korongo ambalo mtu mzima angesimama ndani asionekane. Akafukia kutwa, akafukia tena. Mvua moja ya mwisho, iliyopotea njia, ikaja ikazoa udongo wote. Maji yalikwisha jifunza kwenda Misri.

Mwenyeji hakungoja mvua nyingine. Tuliwaona wanapita asubuhi, yeye na mkewe na binti, wamefunga mizigo, wakifuata mgongo kuelekea machweo, njia ile ile iliyotuleta sisi kutoka mawio, ila wao walikuwa wanakwenda. Mizinga yake aliyoweza kubeba aliifunga kwenye ufito mrefu begani. Mmoja alikuwa ameutundika tangu jana yake kwenye mti wa nyuma ya nyumba yetu. Baba akamwambia umesahau mzinga. Mwenyeji akasema, "Sikusahau. Hao wamezoea maji yenu." Alisema kwa upole, kama mtu anayekuachia mtoto. Bibi alipiga magoti barabarani, mwanamke mzee vile, na mama akaanza kulia, na Mwenyeji Mdogo alikuwa anageuka nyuma kila hatua chache mpaka miti ikawameza.

Mzinga ule tulirina. Ningependa kukuambia kwamba ulioza pale juu hakuna aliyeugusa, lakini sisi tulikuwa watu wenye watoto wengi ndani ya nyumba. Tulirina, tukala na wali, baba naye alikula akiwa ameinamisha kichwa. Asali ilikuwa tamu. Bibi alikula naye, akajifuta mkono, akasema, "Mgeni alikuja. Mwenyeji hakupona." Methali ile hakuitamka tena mpaka tunamzika.

Ndiyo maana sijui nifanye nini na utoto wangu. Wenzangu wakikaa kusimulia ya zamani wanatabasamu tu. Mimi nikikumbuka harufu ya mpunga unaoiva, mate yananijaa kinywani kwanza, halafu aibu inakuja nyuma yake, na sijaweza hata siku moja kuzitenganisha. Baba alikufa, majaruba yakapita kwa wengine. Msitu wa Mwenyeji umekwenda wote kwa mkaa. Majuzi nyuki sikuona hata mmoja.

Mjukuu alisimamisha gari pale pale kwenye mbuga yetu, bila kujua. Alitaka kunionyesha kwenye simu yake ramani ya mabonde, mstari mmoja uliopinda ukigawa maji ya Nyanza na maji ya Tanganyika. "Mstari umepita pale, Bibi," akasema, akionyesha upande wa kusini, ng'ambo kabisa ya mbuga, penye mawe. "Pote hapa ni bonde la Nyanza. Ndivyo Mungu alivyopanga."

Nikatazama. Kichuguu kilikuwa bado kipo, kimeliwa nusu na korongo. Mstari ulikuwa umekiacha mbali, umepita nyuma ya nyumba ya Mwenyeji, kana kwamba siku zote alikuwa amekaa upande wetu. Baba aliusogeza kwa majembe na ngoma, na watu wa ramani wakaja wakaukuta huko, wakauandika.

Nikamwambia, "Hapo penye mawe palikuwa na kisima."

"Hapana kisima kwenye ramani, Bibi."

"Kiandike."

Ni mtoto mtiifu. Akabonyeza akaweka alama, akaninyooshea simu nione. "Niandike kisima cha nani?"

"Cha Mwenyeji."

Akaanza kuandika, akasita. "Mwenyeji nani? Jina lake."

Tulikula kwake, tukachota kwake, tukavaa nguo kwa maji yake. Nikakaa pale kiti cha mbele, mlango uko wazi, vumbi linaingia, nikitafuta jina ambalo hatukuwahi kumuuliza.