Mwenye Wimbo wa Chumvi

Kwenye mashamba ya chumvi, kaskazini ya Mambrui, mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo. Nikitoa sauti, safu nzima ya wanawake huitikia, na mabeleshi yakafuata. Nyimbo zangu zililalamikia ujira na jua, lakini kwa mafumbo, kama tulivyolelewa. Nyapara alizipenda. Hilo sikuliona kuwa kasoro.

Kisha akaja binti mmoja kutoka Ganze, huko bara kwenye ukame. Alikuwa amechoka kuchoma makaa na kuyafuata maji mbali, akaja kukwangua chumvi pekupeku kama sisi sote. Mwanzoni aliitikia tu, na hata kuitikia kwake kulinikera, maana wenzangu walianza kumgeukia. Sauti yake haikuwa tamu, nasema kweli, wala si chuki. Ilikwaruza. Lakini ikishakuingia haitoki.

Siku moja nimekwenda kunywa maji, akaanzisha wake:

Chumvi mezani kwao yaleta ladha,
miguuni mwetu yaleta vidonda.
Meneja, vua kiatu, tulinganishe nyayo.

Safu ikaitikia kwa kishindo ambacho mimi sijapata kupewa. Nikabaki na kikombe mkononi. Wivu ulinishika mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote ile nimeiimba miguu hii hii, mbona sikuwahi kukifikiria kiatu cha meneja?

Wakauimba kila siku. Hatimaye meneja mwenyewe akatoka ofisini, jambo ambalo hakulifanya kwa wimbo wangu hata mmoja.

"Wimbo huu ni wa nani?" akauliza.

Kwetu wimbo una mwenyewe. Ukiulizwa, mwenyewe hujitokeza. Asipojitokeza ameukana, na hakuna atakayeuimba tena. Kila mtu alijua pia kwamba atakayejitokeza kazi hana. Nikamwona binti anaweka beleshi chini, ananyanyua kidevu, na wanawake wote wanamtazama kwa macho ya mapenzi ambayo zamani yalikuwa yangu. Sikuweza kustahimili. Hata kufukuzwa nako apewe yeye?

"Wangu," nikasema, nikasogea mbele.

Nilifukuzwa papo hapo. Kazi nikaikosa, wimbo nikaupata. Jioni mtaa mzima ulinisifu: nimemkinga mtoto wa watu, nina moyo wa mzazi. Nikazipokea sifa zile kama haki yangu.

Kesho yake binti akaja kwangu na kuku, akapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mayo, mama yangu. Umenikinga na mimi si mwanao. Sina cha kukupa zaidi ya huyu kuku, ila nimekutungia ubeti."

"Marahaba, mwanangu. Haya, imba," nikamwambia, huku namwomba Mungu uwe mbovu.

Akaimba pale pale kizingitini, majirani wakasogea:

Mama hana viatu,
lakini tazameni alipokanyaga:
meneja hathubutu kupita.

Majirani wakaitikia, wakarudia, wakaitikia tena. Na mimi nikalia, wakadhani ni shukrani. Ubeti ule ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kutunga maishani mwangu, nao ulikuwa wake, na tangu siku ile kila anitajaye hunitaja kwa maneno ya binti yule.