Sufuria la Nadhiri Kisiwani Misali

Tuliokwenda tulikuwa Bi Mize binti Kombo, mama mkwe wangu. Time, wifi yangu, hajaolewa bado. Mzee Shaame, mjomba wa mume wangu na mwenye ngalawa. Na miye Riziki, bibi harusi wa bandarini Mkoani niliyeletwa kijijini Wambaa na maneno mengi kuliko vyombo. Mume wangu Hamad tulimwacha nyumbani, na yeye ndiye sababu ya safari.

Hamad aliugua homa mpaka tukamsomea Yasini. Mama yake akaweka nadhiri: mwanawe akisimama, atakizunguka kisiwa cha Misali kwa miguu, chakula kikibebwa kichwani, kisha awalishe wavuvi walioko dago, ile kambi yao ya huko. Hamad akasimama. Miaka ile ya kabla ya mapinduzi hakuna aliyecheza na nadhiri. Lakini Bi Mize goti lake bovu, kulibeba sufuria la pilau hawezi. Nikadakia, "Nitabeba miye, mama."

Akanitazama kuanzia ushungi hadi vidole. "Weye, mtoto wa bandarini? Likimwagika hilo, nadhiri haikutoka, na mwanangu atarudi kitandani."

"Mkoani tunabeba mazito kuliko hili."

Uongo mtupu. Mkoani wapagazi walinibebea hata mkoba.

Alfajiri tukatoka Wambaa. Njiani Bi Mize akanifundisha: kisiwa kile kina wenyewe wasioonekana. Hukati mti, huchukui yai la kasa, na ukifika mbele ya pango unatoa salamu, unapita. Siku hizi nasikia kuna walinzi. Enzi zetu kililindwa na woga, na woga hauli mshahara.

Jua lilipopanda tukashuka karibu na dago, Mzee Shaame akabaki na ngalawa. Mwanzo ni mchanga mweupe, nikatembea kwa madaha. Nikaona mburuzo mrefu, nikauliza nani kaburuta gunia hapa. Time akacheka hadi akakaa chini. "Wifi, huyo ni kasa katoka kutaga!"

Kisha mchanga ukaisha, ikaja miamba yenye meno. Miye nimevaa viatu vyangu vya harusi, vya kisigino! Kimoja kikanaswa, nikakiacha. Nikaendelea mguu mmoja juu mmoja chini, sufuria linacheza kichwani, na nyuma yangu Bi Mize anasoma "Ya Latifu" kwa kila hatua yangu.

Adhuhuri, tumebakisha kona moja tu kufika dago, tukalikuta pango. Time akanichokoza, "Haya, mtu wa Mkoani, tangulia."

Nikatangulia. Nikapaza sauti, "Asalaam alaykum, wenyewe!"

Ndani kukajibiwa, "Waalaykumu salaam. Mbona mmechelewa? Pilau ingali moto?"

Sijui nilipita wapi. Nilijikuta baharini, maji kifuani, napiga kelele, "Wanataka pilau! Wanataka pilau!"

Pangoni akatoka Mzee Faki, mvuvi wa dago, kajifunga shuka, macho ya usingizi. Alikuwa kajipumzisha kivulini. Kumbe Mzee Shaame alikwisha kuwaambia wavuvi kuwa chakula kinakuja.

"Bi Mize," akasema, "huyu mkweo huwakimbia aliowaandalia?"

Bi Mize aliingia majini na goti lake lile lile, akafunua kifuniko. Pilau kavu, haikuguswa na tone. Mikono yangu miwili ilikuwa bado imelinyanyua sufuria juu. Miguu ndiyo iliyokimbia, mikono haikupewa habari.

Akashusha pumzi. "Hamad kapata mke," akasema. "Mwoga, lakini kapata."

Tukamaliza mzunguko. Wavuvi wakala, wakamwombea Hamad dua, nami nikaanikwa juani kama pweza.

Alasiri tukarudi Wambaa. Hamad kasimama ufukweni mwenyewe, hajashikwa na mtu. Sijafungua kinywa, Time keshamsimulia yote.

Nilichojifunza ni kuwa ukimtolea mtu salamu, usimkimbie akikujibu. Na viatu vya harusi ni vya harusi.

Walionitangulia mbele ya haki ni wengi sasa. Kama nimekosea jina, au yule mvuvi hakuwa Faki bali nduguye Kae, mwenye kujua anisahihishe, nitashukuru. Ila habari ya kukimbia, hiyo niachieni. Time kanisahihisha maisha yake yote.